Mnara wa Portopí bado unawaka

Kwa wanaouliza kama mnara wa taa wa Portopí pale Palma, kisiwani Mallorca, Hispania, umezimwa: hapana, unaongoza meli hadi leo. Ila jengo la sasa si lile la kwanza. Taa ilianza kwenye mnara mwingine mnamo karne ya 13 au 14. Ilipofika 1613 ikahamishiwa hapo ilipo, kwa sababu eneo la zamani lilitakiwa kwa ngome ya San Carlos. Mnara huu wa pili ulikuwepo tayari, ukitumika kutoa ishara: mchana walitundika mipira na bendera kuujulisha mji kuwa meli zinakuja. Jambo zuri sana hilo! Kwa ukongwe, Torre de Hercules, mnara wa taa wa mji wa A Coruña, Hispania, inaushinda, ila hiyo iko pwani ya Atlantiki, si Mediterania.