Nimepata 58 mtihani wa kwanza wa Anatomia na Fiziolojia. Niendelee au niliache somo?

SWALI

Shikamoo dada. Mimi ni mzaliwa wa Kigamboni, nina miaka minne hapa Ohio. Nafanya kazi ya CNA, yaani msaidizi wa wauguzi, usiku katika nyumba ya wazee, na muhula huu nimeanza Anatomia na Fiziolojia ya kwanza katika chuo cha jamii ili mwakani niombe nafasi ya uuguzi. Nasoma kila siku. Sura nzima naisoma mara tatu, napaka rangi ya njano kila mstari wa maana, na bado nimepata 58. Mitihani iko minne, kila mmoja alama 15. Maabara ni alama 25 na kazi za nyumbani 15. Baada ya wiki tatu tuna mtihani wa vitendo wa mifupa na misuli, kisha unafuata mtihani wa mfumo wa neva. Mifupa naichanganya na majina yake nayakosea kuandika. Na ile aksheni potenshali sijaielewa hata chembe: mwalimu anasema hasi 70, hasi 55, chanya 30, mimi naona namba tu. Programu ninayoitaka inadai B, yaani alama 80. Niliache somo mapema, au kuna namna?

JIBU

Marahaba mdogo wangu. Usiliache. Hesabu nitakupigia mwishoni, lakini kwanza nikuambie nilichokiona katika maelezo yako: hiyo sura unayoisoma mara tatu ndiyo inayokuponza. Ukifika mara ya tatu macho yanayatambua maneno, na moyo unaridhika kwamba umejua. Mtihani hauulizi kama neno unalitambua. Unataka ulitoe kichwani kitabu kikiwa kimefungwa, na hilo hujawahi kulifanyia mazoezi. Mimi ni muuguzi wa wodi ya watu wazima, na jioni nasaidia katika maabara ya somo hilihili. Wanaokwama mbele yangu si wavivu. Wengi ni watu wa aina yako, waliosoma sana kwa macho na kidogo sana kwa mdomo na mkono.

Kwa hiyo kuanzia leo soma ukurasa mmoja au miwili, funga kitabu, chukua karatasi tupu, andika na kuchora kila unachokikumbuka. Itauma, maana mwanzoni karatasi itabaki nyeupe. Kisha fungua, ongeza kwa kalamu ya rangi nyingine yale uliyoyasahau. Hiyo rangi ya pili ndiyo ya kusoma kesho, si sura nzima. Rudia baada ya siku moja, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki. Nusu saa ya namna hii wakati wa mapumziko kazini inazidi saa tatu za kupaka njano.

Sasa mifupa na misuli. Sisi tuliokua na Kiswahili tunaingia maabara na mtego ambao wenzetu Wamarekani hawaujui. Kwetu mkono ni kuanzia begani hadi kwenye kucha, na mguu ni kuanzia nyongani hadi unyayoni. Katika anatomia mambo yamekatwa vipande: "brachium" ni bega hadi kiwiko tu, "antebrachium" ni kiwiko hadi kifundo cha mkono, na "crus" ni goti hadi kifundo cha mguu, paja halimo. Neno mshipa ndilo baya zaidi. Nyumbani mshipa ni wa damu, mshipa ni neva, na hata kano ikivutika mtu anasema mshipa umemkaza. Ukifikiri "mshipa" mbele ya modeli ya mkono, umeshapotea kabla hujajibu. Jizoeze tangu sasa kusema ateri (inayotoa damu moyoni), vena (inayoirudisha moyoni), neva, kano, kila kimoja kwa jina lake.

Kwenye tahajia Kiswahili kinatubeba, tukikitumia vizuri. Mtihani wangu wa kwanza wa vitendo, kibendera kilikuwa kimechomekwa juu ya mfupa wa nyonga, nami nikaandika "ileum". Nilikosa, kwa sababu ileum ni sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba. Mfupa ni "ilium". Mwalimu alikuwa akiyatamka yote mawili sawasawa, na mimi niliandika nilichosikia, kama tulivyozoea. Tangu siku hiyo kila jina nina matamshi mawili. La kuzungumza na watu ni la Kimarekani. La kuandikia ni la Kiswahili, kila herufi na sauti yake: i-le-um, i-li-um, ska-pu-la, pa-te-la huku nikikumbuka ina l mbili, zi-fo-id huku nikikumbuka inaanza na x na ina ph. Yasome hivyo kimoyomoyo huku mkono unaandika. Usiyaandike kwenye simu, maana simu itakusahihishia na siku ya mtihani haitakuwepo.

Majina marefu usiyaogope, kwa kuwa mengi ni ramani. Weka vidole vyako vya kulia shingoni upande wa kulia, kisha geuza uso taratibu uelekee kushoto. Umeusikia huo msuli uliosimama kama kamba, kutoka nyuma ya sikio hadi juu ya kifua? Huo ndio "sternocleidomastoid". Sterno ni mfupa wa kidari, cleido ni mtulinga, mastoid ni kile kinundu cha mfupa nyuma ya sikio. Jina limekutajia msuli unapoanzia, kwanza kidarini na mtulingani, kisha unapoishia. Na shingo yako imekufundisha kitu ambacho wengi wanakosea: msuli wa kulia unageuza uso kwenda kushoto.

Fanya hivyo kwa kila msuli ambao mwili wako unakuruhusu kuugusa. Mifupa nayo ishike. Mfupa wa paja uweke juu ya paja lako mwenyewe: kichwa chake cha mviringo kielekee ndani kwenye nyonga, na ule mstari wenye mikwaruzo, "linea aspera", uwe nyuma. Ukikaa sawa na mwili wako, utajua bila kukisia kama ni wa kulia au wa kushoto, na swali la kulia na kushoto haliepukiki.

Jambo moja zaidi kuhusu maabara: modeli zitakazokuwa mezani siku ya mtihani kwa kawaida ni zilezile unazoziona kila wiki. Michoro ya mtandaoni ni mizuri lakini haina mikwaruzo na rangi za modeli za chuo chako. Wakiruhusu, zipige picha. Wiki ya mwisho, mwambie mwenzako akuwekee vibendera ishirini, upite na saa, dakika moja kila kituo, ukiandika.

Tuje kwenye aksheni potenshali, yaani ule mshtuko mfupi wa umeme unaobeba habari kwenye neva. Hapa nataka uache kabisa kukariri namba mpaka uone kinachotokea, na wewe mtoto wa Kigamboni utakiona upesi.

Kumbuka kivuko asubuhi upande wa Magogoni. Nje ya geti umati umejaa, kila mtu anataka kuingia, na geti limefungwa. Umati ule ni sodiamu: nje ya seli iko tele, ndani kidogo, nayo ina chaji chanya. Ndani kuna wengine wanaotaka kutoka, potasiamu, ambayo imejaa ndani na ni haba nje. Wakati wa utulivu, potasiamu kidogo inavuja kwenda nje na kuondoka na chaji yake chanya, kwa hiyo ndani panabaki na upungufu wa chaji chanya. Upungufu huo ukiupima kwa kulinganisha na nje unapata hasi 70 milivolti. Hasi 70 maana yake ni hiyo tu: ndani pana chaji chanya pungufu kuliko nje, na mlangoni kuna umati unaosubiri.

Kikija kichocheo, sodiamu kidogo inapenya na ndani panasogea: hasi 65, hasi 60. Kikiishia hapo, hali inarudi kama ilivyokuwa na hakuna habari iliyotumwa. Lakini pakifika kama hasi 55, mageti ya sodiamu yanayofunguliwa na umeme yanafunguka kwa mkupuo. Umati unamiminika. Ndani panapanda kupita sifuri hadi kama chanya 30. Hakuna nusu mshtuko: ama geti limefunguka ama halikufunguka.

Kisha mambo mawili yanafuatana. Mageti ya sodiamu yanajifunga kwa komeo la pili, na kwa muda mfupi mno hayawezi kufunguka tena hata ukiyachochea. Wakati huohuo mageti ya potasiamu, ambayo ni mazito kufunguka, yanakuwa wazi, na potasiamu inatoka nje na chaji yake chanya. Ndani panashuka tena hadi hasi 70, panapitiliza kidogo chini yake kwa sababu mageti hayo pia ni mazito kufunga, kisha panatulia. Lile komeo ndilo linaloufanya mshtuko uende mbele tu kwenye neva, maana nyuma ulikotoka bado pamefungwa.

Hapa pana kosa ninalolikuta kila muhula. Wanafunzi wanaandika kwamba pampu ya sodiamu na potasiamu ndiyo inayoirudisha seli kwenye hasi 70 baada ya mshtuko. Siyo. Inayorudisha ni potasiamu inayotoka kupitia mageti yake. Pampu, inayotoa sodiamu 3 nje na kuingiza potasiamu 2 ndani, inafanya kazi wakati wote polepole, kama mfagizi, ili umati uendelee kuwa upande wake. Ukiliweka hilo sawa umeshawapita wengi.

Nakusisitizia sehemu hii kwa sababu utaishi nayo. Daktari wa meno akikuchoma sindano ya ganzi ya lidokaini, dawa inaziba mageti ya sodiamu; umati haupiti, mshtuko hautokei, maumivu hayafiki kwenye ubongo. Na potasiamu ya damu, ambayo kwa mtu mzima kwa kawaida ni kama milimoli 3.5 hadi 5.0 kwa lita, ikipanda sana nje ya seli, hasi 70 haikai tena pale pake, na seli za moyo zinaanza kwenda mrama. Ndiyo maana potasiamu kloraidi haichomwi moja kwa moja kwenye mshipa wa damu bila kuchanganywa na kupitishwa taratibu. Siku ukiwa na mfuko wa dawa hiyo mkononi, utakachokitegemea ni geti na umati.

Wewe una mwalimu mwingine kazini ambaye hujamtumia. Alfajiri unapomwamsha mzee, humsimamishi papo hapo. Unamkalisha ukingoni mwa kitanda, miguu inaning'inia, unamuuliza kama ana kizunguzungu. Umefundishwa hivyo. Sasa jiulize kwa nini, kwa mdomo, kwa Kiswahili: akisimama damu inashukia miguuni, kwa hiyo inayorudi moyoni inapungua, kwa hiyo moyo unasukuma kidogo, kwa hiyo presha inashuka. Vipima-presha vilivyo kwenye ateri za shingo na kwenye upinde wa aota, ile ateri kubwa inayotoka moyoni, vinapunguza ishara zao kwa ubongo, nao unaamuru moyo uende mbio na mishipa ya damu ibane. Kwa kijana hayo yanamalizika kabla hajahisi kitu. Kwa mzee, au anayetumia dawa za presha, yanachelewa. Namba ya juu ya kipimo cha presha ikishuka kwa milimita 20 za zebaki au zaidi ndani ya dakika tatu za kusimama, hilo lina jina na linamwangusha mtu. Fiziolojia yote ni "kwa hiyo" za namna hiyo. Mnyororo ukikatika mahali, hapo ndipo pa kufungua kitabu. Ukishauweza kwa Kiswahili bila kusita, useme tena kwa Kiingereza na maneno ya mwalimu, kwa sababu mtihani utakuja kwa lugha hiyo.

Huna haja ya kununua kitabu cha pili. OpenStax ya Rice University inatoa kitabu kizima cha somo hili bure mtandaoni, kinatosha kabisa kwa mahali ambapo cha mwalimu hukielewi.

Hesabu sasa. 58 katika mtihani wa alama 15 ni alama 8.7, umepoteza 6.3 tu kati ya 100. Zimebaki 85 ambazo hazijaguswa. Ili ufike 80 unahitaji 71.3, yaani wastani wa kama 84 kwa kila kilichobaki. Kazi za nyumbani zipo kukusaidia, usiache hata moja. Maabara ni alama 25, nyingi kuliko mtihani wowote, na ndipo mtu mwenye mikono ya kazi kama wewe anapovuna. Kwa hiyo weka nguvu huko kwanza.

Hata hivyo, jua tarehe ya mwisho ya kujiondoa bila kupewa F, yaani kufeli. Iko kwenye kalenda ya chuo. Mtihani wa vitendo na wa pili vikirudi kabla ya tarehe hiyo na wastani unaohitajika umepita 90, nenda kwa mshauri wako ukiwa na karatasi ya hesabu. Muulize mambo mawili: programu unayoitaka inaruhusu somo lirudiwe mara ngapi, na W, ile alama ya kujiondoa, itagusa vipi msaada wako wa fedha za masomo, kwa sababu krediti ulizojiondoa zinahesabiwa kama ulizojaribu. Usijiondoe kimyakimya kwa kubofya usiku ukiwa umechoka.

Na msimamizi wako wa kazi umwombe akuondolee shifti ya usiku wa kuamkia mtihani wa vitendo. Mwombe wiki hii, kabla ratiba haijatoka.