Turubai Kubwa Liache Nyumbani: Thomas Moran na Uchoraji wa Mandhari

Msomaji ameuliza abebe turubai (kitambaa cha kuchorea) la ukubwa gani akienda kuchora mlimani. Asibebe lolote. Amtazame Thomas Moran, mchoraji wa mandhari wa Marekani.

Moran alizaliwa Bolton, Uingereza, mwaka 1837, akakulia Philadelphia na kujifunza kuchonga picha za kuchapa kwenye mbao. Mwaka 1871 jarida la Scribner's lilimpa michoro duni ya Yellowstone, nyika ya magharibi mwa Marekani, aichore upya, naye hajawahi kufika huko. Kiangazi hicho akakopa dola 500 kwa Jay Cooke, mfadhili wa reli, na 500 nyingine kwa jarida, akaandamana na msafara wa upimaji wa mwanajiolojia Ferdinand Hayden. Farasi hakuwazoea, alitandika mto juu ya tandiko.

Kule porini alitumia penseli na rangi za maji. Nawe chukua karatasi ya gramu 300 kwa mita mraba, kwani nyepesi hujikunja ikilowa, ya sm 25 kwa 35. Chora upeo wa macho, kisha kingo za milima. Ndani ya kila umbo andika jina la rangi yake, kama Moran alivyofanya, pamoja na saa na upande lilipo jua, maana vivuli havikungoji. Ndipo upake: anga kwanza, milima ya mbali kwa buluu yenye maji mengi, miamba ya karibu mwisho. Wengi huharibu hapa. Wanapiga mkono wa pili wa kwanza ukiwa mbichi, rangi zinageuka tope. Gusa karatasi kwa mgongo wa kiganja. Ikiwa baridi, bado ina maji.

Nyumbani, piga miraba ya sm 5 kwenye mchoro na ya sm 20 kwenye turubai la mita 1 kwa 1.4, uhamishe mraba kwa mraba. Kwa rangi za mafuta, tabaka la chini liwe jepesi, lenye tapentaini, kiyeyusho cha rangi. Mafuta ya kitani yaongezeke kadiri unavyopanda. Ukigeuza, la juu hukauka kabla ya la chini na picha hupasuka.

Kupanga upya si dhambi. Kwenye picha zake za Green River, mto wa magharibi mwa Marekani, Moran aliondoa reli na mji, akaweka Wahindi Wekundu juu ya farasi. Kimpangilio ni ustadi. Kwa ukweli, aliwauzia watu wa mashariki mwa Marekani nyika iliyokwisha kupita.

Yellowstone ilitangazwa hifadhi Machi 1, 1872. Mwaka huohuo Bunge la Marekani likanunua picha yake ya korongo la huko, takriban mita 2.1 kwa 3.7, kwa dola 10,000. Mwaka 1892 reli ya Santa Fe ilimgharimia safari ya Grand Canyon, korongo kubwa la Arizona, ili ipate haki ya kuchapisha picha. Kwa hiyo haki ya kuchapisha iwekee bei yake, mbali na bei ya turubai, tena kwa maandishi. Na nyuma ya turubai andika jina, tarehe na vipimo. Uzeeni Moran alibandika alama ya dole gumba kando ya sahihi yake, kuwazuia waghushi.