Maji ya kisima na mikono inayopasuka

Dada wa Majengo, umeuliza kama chumvi ya maji ya kisima ndiyo inayofyonza maji ya ngozi, maana unaosha vyombo vya mgahawa kutwa na jirani kakwambia upake limao.

Sidhani ni chumvi. Ukali wa maji ya mwilini ni sawa na gramu 9 za chumvi kwa lita. Maji yenye ladha ya magadi kwa mbali hayafiki huko. Seli hai ya ngozi ikizungukwa na chumvi kali zaidi husinyaa, kisha hujitetea: huvuta ndani kemikali ndogo za mwilini kama taurini na betaini, maji yakazifuata, ikajaa tena. Ila juu yake kuna tabaka la seli zilizokufa, zimeshikana kwa mafuta kama matofali na udongo. Sabuni ya unga ndiyo inayokwangua hayo mafuta, halafu upepo wa Julai hapa Dodoma unamalizia. Mimi visigino hunipasuka kila kiangazi, na siuzi chakula.

Vaa glavu za mpira, suuza povu lote, jifute kwa kugandamiza, upake vaselini mikono ikiwa bado mbichi. Limao achana nalo, litakuchoma bure. Nyufa zikitoa usaha, nenda zahanati.