Wasomaji Wauliza: Kisa Kilichoachwa Ndani ya Nyumba

SWALI: Mhariri, pokea salamu kutoka Majengo, Moshi. Mimi na mdogo wangu tumemaliza kucheza mchezo wa video uitwao Gone Home, na tangu tuumalize hatuelewani. Mimi nasema kwamba yule baba wa familia alitendewa ubaya na mjomba wake alipokuwa mtoto. Mdogo wangu anasema hakuna mahali popote ambapo mchezo umetamka hivyo, kwa hiyo ninatunga yangu. Nani yuko sahihi?
Msomaji, Moshi

JIBU: Ndugu msomaji, anayetaka kuucheza mchezo huo bila kujua yaliyomo aruke jibu hili, kwa kuwa siwezi kuwaamua bila kuyafunua. Kwa faida ya waliobaki, mchezo huo ulitoka mwaka 2013, na unamhusu binti anayerejea kutoka Ulaya usiku wa mvua na radi, Juni 1995, katika nyumba ya Oregon, Marekani, ambayo familia yake ilihamia akiwa safarini. Hakuti mtu. Hakuna adui wala mapigano, na kazi yote ya mchezaji ni kuwasha taa, kufungua droo, kusoma karatasi na kugeuzageuza vitu mkononi.

Mdogo wako ana hoja moja ya kweli. Kisa cha dada mdogo katika nyumba ile kina msimulizi, kwa sababu tunaisikia sauti yake akisoma maandishi yake mwenyewe, lakini kisa cha baba hakina anayekisema. Hata hivyo, kutotamkwa si sawa na kutokuwepo. Baba huyo ni mwandishi wa riwaya, na shujaa wake husafiri kurudi nyuma hadi Novemba 1963 ili kuzuia Rais Kennedy asiuawe. Maana yake ni kwamba tunamwona mtu mzima ambaye kila akishika kalamu anarudi kwenye mwaka mmoja wa utoto wake kuzuia baya lililokwisha kutokea. Peke yake, hilo lingeweza kuwa mapenzi ya historia tu. Lakini mahali pengine kabisa ndani ya nyumba hiyo hiyo mchezaji anakuta barua ya mjomba akimsihi dada yake amsamehe. Vitu viwili vilivyowekwa mbali, vya watu wawili tofauti, vinaelekea upande mmoja, na mtengenezaji hakuvipanga hivyo kwa bahati. Usomaji wako, kwa maoni yangu, una nguvu kuliko wa mdogo wako, mradi uishie pale ushahidi unapoishia: kwamba kulikuwa na kosa zito ndani ya familia, na kwamba halikuzikwa. Undani wake mchezo umeuacha wazi, na hapo mdogo wako ana haki ya kukuzuia.

Nyumba hiyo hiyo inatoa pia onyo kwa wasomaji wenye haraka. Mtaikumbuka beseni ya kuogea yenye madoa mekundu. Kwa kuwa ni usiku, radi inapiga na nyumba ni tupu, wachezaji wengi walidhani wameona damu, ilhali aliyesogea karibu alikuta chupa ya rangi ya nywele. Watengenezaji walijua kwamba mchezaji huja na hofu aliyoizoea katika michezo mingine, wakaitumia hofu hiyo kumpotosha kwa hatua chache kisha wakamwekea jibu pale pale. Sioni kama huo ni ulaghai.

Kuna jambo jingine ambalo wachambuzi wa mitandaoni husahau. Kutengeneza kila kitu cha chumbani, hata kikombe, ni kazi ya mikono na gharama, na kwa hiyo kitu kimoja hurudiwa katika vyumba vingi ili kujaza nafasi. Anayejenga nadharia nzima juu ya kiti kilichoonekana mara tatu huenda anasoma uhaba wa mafundi. Uzito mpe kitu kilichoandikwa kwa mkono, kilichofichwa, au kilichowekwa pasipo mahali pake.

SWALI: Ninafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari hapa Arusha. Wanafunzi wangu wakiulizwa kuhusu mandhari ya riwaya hujibu "mjini na kijijini" wakaishia hapo. Je, michezo hii inaweza kunisaidia darasani?
Mwalimu, Arusha

JIBU: Mwalimu, inaweza, na sababu ni kwamba katika michezo ya namna hii mandhari hubeba kazi ambayo katika riwaya hufanywa na msimulizi. Fikra hiyo ni ya siku nyingi kidogo: mwaka 2000 Don Carson, aliyewahi kubuni viwanja vya burudani vya Disney, aliandika makala akiwaeleza watengenezaji wa michezo jinsi mahali penyewe panavyoweza kumweleza mgeni kilichotokea kabla hajafika.

Ningekushauri utumie What Remains of Edith Finch wa mwaka 2017, ambao humalizika kwa takriban saa mbili na unaweza kuoneshwa kwa kompyuta moja na projekta. Uucheze kwanza peke yako, kwa maana unahusu vifo, vikiwamo vya watoto. Edith anarudi katika nyumba ya ukoo wake, ambamo vyumba vya marehemu vimeachwa kama walivyoviacha. Simamisha mchezo kwenye milango ya vyumba hivyo. Mama yake Edith aliiziba isifunguke; mama wa babu yake akaitoboa matundu ya kuchungulia. Waulize wanafunzi ni watu wa namna gani walioishi pamoja katika nyumba hiyo, na utaona kwamba ugomvi wa mmoja anayetaka kusahau na mwingine anayekataa umeandikwa kwenye ubao wa mlango bila neno hata moja.

Kisha wapeleke makaburini, maana ukoo huo una makaburi yake karibu na nyumba. Mchezaji wa mjini Marekani huyaona hayo kuwa dalili ya nyumba yenye jambo lisilo la kawaida. Mwanafunzi aliyekulia kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, huko Kibosho au Marangu mkoani Kilimanjaro, ambako babu amezikwa migombani hatua chache kutoka jikoni, hataona cha kushangaza. Usimsahihishe upesi. Anaona kweli ambayo wengine hawaioni, yaani kwamba kuishi na wafu wako si lazima kuwe ugonjwa. Lakini mwombe alinganishe na milango iliyozibwa, kwa sababu kwake kaburi liko wazi na linatembelewa, ilhali kwa akina Finch chumba cha marehemu hakiingiliki. Mjadala huo peke yake unaweza kumaliza vipindi viwili.

SWALI: Napenda michezo hii lakini Kiingereza kinanishinda. Niache?
Msomaji, Usa River

JIBU: Usiache. Journey wa mwaka 2012 na Inside wa mwaka 2016 havina mazungumzo yoyote. Kisa chote kiko katika magofu, mwanga, umbali na mienendo ya unaowaona, na katika Inside utajua kwamba mtoto unayemwongoza anawindwa kabla hujajua kitufe cha kurukia. Gone Home, uliotajwa hapo juu, ungekuchosha kwa sababu umejaa karatasi.

Hidetaka Miyazaki wa Japani, aliyeongoza utengenezaji wa Dark Souls mwaka 2011, ameeleza kwamba utotoni alisoma vitabu vya Kiingereza ambavyo hakuvielewa vyote, akawa anajaza mapengo kwa kuwaza mwenyewe. Mchezo wake unamtendea kila mchezaji hivyo hivyo: historia ya ufalme mzima imetawanywa katika maelezo mafupi ya silaha, pete na nguo, na hata Mwingereza hubaki na mapengo. Lakini anza na Inside, kwa kuwa mapigano ya Dark Souls yatakushinda mapema kuliko Kiingereza chake.