Hewa hukata kona, mwanga haukati: kwa anayeanza kulima uyoga chumbani

Kama umeshapata mbegu za uyoga mamama na mabua ya mpunga, na sasa unatafuta fito na nailoni nyeusi ujenge kibanda ndani ya chumba cha nyuma, ngoja kwanza. Mimi nilianza hivyo hivyo hapa Morogoro, kwa mifuko 40, mabua nikiyafuata Dakawa. Kuchemsha mabua na kupanda mbegu nilifundishwa vizuri. Hewa na mwanga wa kibandani hakuna aliyenieleza, na mavuno yangu ya kwanza yalipotelea hapo.

Uyoga una maisha mawili na kila moja lina masharti yake. Wiki mbili hadi nne za mwanzo, utando mweupe unatafuna mabua ndani ya mfuko. Wakati huo unataka giza na joto la nyuzi 25 hivi, na hewa nzito haiusumbui. Ukishajaa mfuko mzima, masharti yanageuka: unataka hewa safi, ubaridi kidogo, unyevu wa asilimia 80 hadi 90, na mwanga wa kivulini unaokutosha kusoma gazeti. Mwanga, na kupungua kwa hewa ya ukaa, ndizo dalili zinazouambia utando kwamba umefika nje, sasa uchomoze.

Sasa fikiria tundu la msumari kwenye bati. Mchana linapiga mstari wa mwanga juu ya mifuko iliyo gizani. Mwanga huo hauui utando. Shida ni kwamba unauita kabla ya wakati, hasa pale ambapo mfuko una kitundu cha kupitisha hewa. Niliwahi kufungua nikakuta safu moja tu ya mifuko imeota vinundu vya uyoga mchanga chini ya plastiki, upande uleule unaotazama tundu. Vilibanwa humo, vikaoza, na uozo ukaita nzi.

Ukaguzi wa mwanga hauna gharama. Ingia kibandani saa sita mchana jua likiwa kali, jifungie, kaa dakika tano bila simu wala tochi. Macho yakishazoea giza, kila tundu litajionyesha lenyewe: mishono ya nailoni, kona za fito, chini ya mlango. Weka alama kwa chaki, kisha ubandike utepe mweusi wa gundi kwa nje na kwa ndani. Mlango uwe na pazia mbili zinazopishana, ili ukifungua ya kwanza ya pili iwe bado imefunga.

Hapo ndipo wengi tunapojinyonga. Tukishaziba kila tundu la mwanga, tunakuwa tumeziba na pumzi. Mifuko yangu 40 ilipofika wakati wa kuchomoza niliiacha katika kibanda kilichozibwa hivyo, nikapata uyoga wenye miguu mirefu kama vidole na vikofia vidogo kama vifungo vya shati. Mteja wangu wa hotelini aliukataa. Nikadhani ni kiu, nikaongeza maji, nao ukaanza kuteleza na kuwa na madoa ya njano. Kumbe uyoga ulikuwa unapumua hewa ya ukaa yake yenyewe. Hewa ya nje ina takriban sehemu 420 za hewa hiyo katika kila milioni, na mamama anataka ibaki chini ya 1,000 hivi ili kofia ifunguke. Kibanda kilichofungwa kinavuka kiwango hicho haraka sana.

Kuna jambo hapa ningependa ulishike, kwa sababu watu hulichanganya. Miguu mirefu huletwa na uhaba wa hewa na pia uhaba wa mwanga. Kama ni mwanga, uyoga hupauka na miguu huinamia upande mwanga unakotokea. Kama ni hewa, utaona manyoya meupe kwenye shina la mguu, na kishada kizima hugawanyika kama tumbawe. Ukiona manyoya, acha maji, tafuta upepo.

Sasa utaingizaje hewa bila kuingiza mwanga, kama kibanda bado kiko kwenye giza? Mwanga huenda moja kwa moja, hewa hukata kona. Chukua kipande cha bomba la inchi 4 na elbo mbili (viungio vya kona), uziunge zifanye umbo la Z, upake ndani rangi nyeusi isiyong'aa. Mwanga utagonga ukuta wa kona ya kwanza na utakaobaki utamezwa kwenye ya pili, lakini hewa itapita. Weka mabomba mawili ya kuingizia karibu na sakafu, na moja la kutolea juu upande wa pili, kwa kuwa hewa yenye joto na mvuke hupanda.

Kibanda changu ni mita 3 kwa 2, urefu wa kwenda juu mita 2, yaani mita za ujazo 12. Wakati wa kuchomoza naibadilisha hewa kama mara tano kwa saa, sawa na mita za ujazo 60. Feni ya kompyuta ya sentimita 12, ya volti 12, inafikia hapo ikiwa haijazibwa, ila kona na wavu huipunguza nguvu, kwa hiyo usinunue iliyo dhaifu. Iweke kwenye tundu la kutolea, ivute kwenda nje. Kuta za nailoni zikijikunja kidogo kuelekea ndani, usishtuke, ndivyo inavyotakiwa. Zikibonyea sana, ongeza tundu la kuingizia. Kisha washa udi na uusogeze kwenye mabomba ya chini: moshi uvutwe ndani. Kona ambako moshi unasimama tu, usiweke mifuko.

Baada ya hasara ile nilikwenda mno upande wa pili, nikafungua madirisha siku nzima. Vinundu vilikauka vichwa, vikawa vya kahawia, vikakoma. Siku hizi natundika gunia la mkonge lililoloweshwa mbele ya bomba la kuingizia, linapoza na kuongeza unyevu kwa pamoja. Maji nanyunyizia sakafu na kuta baada ya kupitisha hewa, si juu ya uyoga. Miezi ya joto, Desemba hadi Machi, hewa nyingi naiingiza alfajiri na usiku. Hata katika kipindi cha giza usisahau kwamba mifuko inajitia joto yenyewe: chumba kikiwa nyuzi 27, moyo wa mfuko waweza kupita 30, na ukikaribia 40 utando unakufa. Iachie nafasi ya kiganja kati ya mfuko na mfuko.

Kila bomba lifunikwe kwa chandarua kilichokunjwa mara mbili, maana nzi wa uyoga ni wadogo na wanapenya chandarua cha tabaka moja. Wanapenda mwanga na wanapenda rangi ya njano, hivyo plastiki ya njano iliyopakwa grisi, ukiitundika karibu na mlango, inawanasa wengi.

Na usilale chumba kimoja na kibanda. Mamama akikomaa humwaga kwa wingi vumbi jeupe la spora, yaani chembe zake za uzazi, na vumbi hilo likivutwa siku hadi siku linaumiza mapafu. Vuna kabla ukingo wa kofia haujanyooka, vaa barakoa, na tundu la kutolea lielekee uwanjani, mbali na dirisha la jirani. Ukivuna, iache feni izunguke hadi umalize kuosha sakafu.