Nisipomtaja Yesu mbele ya watu wa dini nyingine, nimemkana?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mwalimu. Mimi ni mchungaji wa usharika. Nimealikwa kwenye kongamano la viongozi wa dini wilayani kwetu. Nitaomba sala ya kufungua, halafu nitazungumza dakika 10 kuhusu amani kati ya wakulima na wafugaji. Watakuwepo masheikh, mapadre, wazee wa mila na maofisa wa serikali. Mratibu amenidokeza kwamba ingependeza nitaje Mungu tu, nisimtaje Yesu, ili asiwepo anayejiona ametengwa. Wazee wa kanisa wameipata habari hiyo, wanasema nikikubali nitakuwa nimemkana Kristo, na wamenisomea Mathayo 10:33, ambapo Yesu anasema atakayemkana mbele ya watu, naye atamkana mbele za Baba yake. Nifanyeje?

JIBU: Amina, Mchungaji. Mtaje. Mtaje kwa jina, bila kuomba radhi. Ila umtaje kwa kinywa chako wewe, wala usijaribu kuliweka jina lake katika vinywa vya watu wasiomwamini. Ukichunguza malalamiko yanayozuka baada ya mikutano ya namna hii, mara nyingi utakuta watu hawakuchukizwa na jina la Yesu kutajwa. Walichukizwa kwa sababu waliitikishwa jambo ambalo dhamiri zao hazilikubali. Kushuhudia na kuitikisha ni mambo mawili, na sisi wahubiri tumezoea kuyachanganya kwa sababu kanisani yanakwenda pamoja.

Nianze na andiko la wazee wako, maana wana haki ya kulisoma. Mathayo 10 inazungumza na wanafunzi watakaopelekwa mbele ya mabaraza, maliwali na wafalme (mstari wa 17 na 18), wakiambiwa wasiwaogope wauao mwili (mstari wa 28). Kukana huko ndiko alikokufanya Petro uani kwa kuhani mkuu: aliulizwa waziwazi kama alikuwa pamoja na Yesu, akaapa kwamba hamjui mtu huyo. Hilo ni tofauti na kuzungumza mahali fulani bila jina hilo kuwemo katika kila sentensi. Sala ya Baba Yetu yenyewe, aliyoifundisha Bwana, haina jina la Yesu ndani yake. Lakini wazee wako wanaona jambo moja la kweli: mtu akimwacha Yesu nje kwa kuogopa sura za waliokaa mbele yake, hofu hiyo hukua. Leo ni kongamano, kesho ni mahojiano ya redioni, keshokutwa ni mazishi ya muumini wake mwenyewe.

Matendo ya Mitume yanatupa mifano minne, na inafaa kuisoma pamoja, kwa sababu ukiuchukua mmoja peke yake utapotoka.

Kule Athene (Matendo 17), mbele ya Areopago, baraza la mji huo, Paulo hakutamka jina la Yesu katika hotuba iliyoandikwa na Luka. Alianzia kwenye madhabahu yao, akanukuu washairi wao, akamalizia na mtu ambaye Mungu amemchagua na kumfufua katika wafu. Wanaotaka kunyamaza huupenda sana mfano huu. Wanasahau mstari wa 18: aliitwa pale kwa sababu alikuwa ameshahubiri sokoni habari za Yesu na ufufuo. Kila mtu mle alijua ni nani anayezungumzwa. Na hata hapo hakuukwepa ufufuo, ingawa ndio uliowafanya wengine wadhihaki.

Mfano wa pili ni melini (Matendo 27), ambao nadhani ndio ulio karibu zaidi na kongamano lako. Watu 276, wengi wao wapagani, dhoruba inawapiga. Paulo anawaambia habari za malaika wa Mungu "ambaye mimi ni wake, naye ndiye nimwabuduye". Kisha anatwaa mkate, anamshukuru Mungu mbele yao wote, anaanza kula, nao wakachangamka, wakala. Hakuwaambia wamwabudu Mungu huyo kwanza ndipo wale. Aliomba kama mtu mwenye Mungu wake, wengine wakimtazama.

Wa tatu ni Efeso (Matendo 19). Hapo jina la Bwana Yesu lilitukuzwa mji mzima, hata biashara ya vihekalu vya fedha ikayumba. Zilipozuka ghasia, karani wa mji, ambaye hakuwa Mkristo, alisimama akashuhudia kwamba watu hawa hawakumtukana mungu wao wa kike. Fikiri maana yake: Paulo alikuwa amefundisha huko zaidi ya miaka 2, tena waziwazi, na bado mtu wa dini nyingine aliweza kumtetea kwa haki. Hicho ndicho kipimo ningependa ukitumie. Kiongozi wa dini nyingine akisimama baada yako, aweze kusema: "Amesema anachokiamini, na hakututukana."

Wa nne umo katika sura hiyohiyo: wana saba wa Skewa walilitumia jina la Yesu kama kanuni ya uganga, wakapigwa wakakimbia uchi. Jina kulitamka tu si ushuhuda.

Sasa tuje kwenye sala, maana hapo ndipo watu wanapojikwaa zaidi. Kanisani tunaomba kwa "sisi" kwa sababu kuna kusanyiko lenye imani moja. Kwenye kongamano hakuna kusanyiko la namna hiyo. Ukisema "tunaomba katika jina la Yesu, Bwana wetu", umemsemea sheikh aliyekaa mstari wa mbele, na amekwama: akiitikia Amina ameitikia asichokiamini, akinyamaza anaonekana hataki amani. Katika kuapishwa kwa Rais wa Marekani mwaka 2001, mchungaji Kirbyjon Caldwell alimaliza sala yake kwa jina la Yesu Kristo kisha akawataka wote wanaokubali waseme Amina. Yalizuka malalamiko mengi, na sentensi hiyo ya mwisho ilikuwa sehemu yake kubwa. Mwaka 2009, katika tukio la namna hiyohiyo, Rick Warren alimtaja Yesu waziwazi vilevile, lakini akasema anaomba katika jina la yule aliyebadilisha maisha yake yeye. Lawama hazikukosekana, hazitakosekana kamwe, lakini hakuna msikilizaji aliyelazimishwa kukiri chochote.

Kwa hiyo iandike sala yako, usiibuni ukiwa kwenye kipaza sauti, kwa sababu mazoea ya Jumapili yatakushinda. Isizidi dakika 2. Iweke yote katika "naomba". Inaweza kuwa hivi:

"Ee Mungu, uliyeziumba mbingu na nchi, nakushukuru kwa kutufikisha hapa salama. Nawaombea wenye mashamba na wenye mifugo, wajane na yatima walioachwa na ugomvi huu, na viongozi watakaoamua. Wape hekima, waondolee hofu na kisasi. Mimi mtumishi wako naomba haya katika jina la Yesu Kristo, Bwana wangu. Amina."

Angalia neno "wangu" mwishoni. Usipaze sauti "Watu wote waseme Amina!" Usiwaombee Waislamu waliopo waokolewe; hayo mwombe Mungu chumbani kwako ukitaka, lakini hukualikwa kwa ajili hiyo, na mtu aliyekuja kuzungumzia malisho akijisikia anaombewa aache dini yake, harudi kikao cha pili. Wala usiyageuze maombi kuwa mahubiri kwa kumweleza Mungu mambo ambayo kwa kweli unawaambia wasikilizaji.

Salamu ina hatari ileile, na wengi hawaioni. "Bwana Yesu asifiwe" ni salamu inayodai kiitikio. Ndivyo ilivyo na "Tumsifu Yesu Kristo". Ukiitoa kwa ukumbi mzima, nusu wataitikia na nusu watakaa kimya, na mkutano wa amani umegawanyika kabla haujaanza. Kama unataka kuwasalimu Wakristo, sema hivyo: "Wakristo wenzangu, Bwana Yesu asifiwe." Kwa wote, "Habari za asubuhi" au "Amani iwe nanyi" inatosha. Ule mtindo wa kupanga salamu za dini zote mfululizo, moja baada ya nyingine, siupendi kwa kiongozi wa dini. Mwanasiasa anaweza kuwa na sababu zake. Mchungaji anaonekana anaigiza.

Hotuba ni rahisi kuliko sala, maana hapo kila mtu anajua ni wewe unayezungumza. Kwa mada yako Biblia imekuandalia mlango mzuri: Mwanzo 13, ugomvi wa wachungaji wa Abramu na wa Lutu, nchi ilipokuwa haiwatoshi. Abramu, aliye mkubwa, anamwachia mdogo achague kwanza. Waislamu wanawajua Ibrahimu na Lutu kama manabii, kwa hiyo wote mtakuwa mnasikiliza jambo lenu. Lipe dakika 4. Dakika 3 zinazofuata ni za Yesu: katika Mathayo 5:23-24 anasema ukikumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka mbele ya madhabahu, uende ukapatane naye kwanza. Hapo sema bila kumung'unya: "Mimi ni Mkristo. Naamini Yesu alisulubiwa, na akiwa msalabani aliwaombea waliomtesa. Ndiyo maana siwezi kuwaambia waumini wangu walipize kisasi." Umekiri msalaba, ambao Uislamu hauukubali, na hujabishana na mtu. Dakika zilizobaki zitumie kwa jambo la kutenda: kanisa lako litatoa nini, nani atakaa kwenye usuluhishi, lini. Hotuba inayomtaja Yesu mara kumi bila ahadi moja ya kutekelezwa hudhuru jina lake.

Yapo mambo matatu ya kuepuka kabisa. La kwanza, kunukuu Kurani ili kuthibitisha Ukristo. Wengi hupenda Sura ya 4:171, inapomwita Isa neno la Mwenyezi Mungu, wakaishia hapo. Sheikh anajua kwamba aya hiyohiyo inaendelea kukataza kusema "watatu". Mtakuwa mmerudi kwenye mihadhara ya kushindana ya miaka ya 1980 na 1990, ambayo iliacha majeraha mengi na wanafunzi wachache. La pili, kusema "Mwana wa Mungu" kwa kupita tu. Mwislamu husikia kuzaa kwa mwili, jambo ambalo Surat Ikhlas inalikanusha. Usiifiche imani hiyo, ila isemwe pale penye nafasi ya kuieleza. La tatu, kumwita Yesu nabii tu ili kupendeza. Unasema pungufu ya unachoamini, na wasikilizaji wako wanajua.

Ukitaka kuona hilo lilivyofanywa vizuri, mkumbuke Papa Yohane Paulo II huko Casablanca, Morocco, tarehe 19 Agosti 1985, mbele ya maelfu ya vijana Waislamu, kwa mwaliko wa Mfalme Hassan II. Alizungumza sana juu ya Mungu mmoja, na juu ya yale tunayokubaliana. Kisha akasema kwamba uaminifu unatudai tukiri pia tofauti zetu, na kwamba iliyo kubwa kuliko zote inahusu nafsi na kazi ya Yesu wa Nazareti. Mwaka uliofuata, Oktoba 27, huko Assisi, Italia, watu wa dini mbalimbali waliomba kila kundi kwa namna yake na mahali pake, kisha wakakutana. Hiyo haiko mbali na desturi tuliyonayo: sheikh anaomba dua, kisha mchungaji au padre anaomba, na wengine wanasimama kwa heshima.

Hilo ndilo la kumwambia mratibu. Mpigie simu mapema, umwulize: je, kila dini itaomba kwa namna yake, au ni sala moja kwa niaba ya wote? Ikiwa kila mmoja anaomba kwa namna yake, mweleze kwamba sheikh ataanza kwa Bismillahi na kumsalia Mtume, wala hakuna atakayemzuia, basi nawe utaomba kama Mkristo, tena kwa "naomba". Ikiwa ni sala moja ya wote, kama ile dua inayosomwa Bungeni, hapo sala ni ya ukumbi, si yako. Maneno yaandikwe na kukubaliwa, na ukiisoma bila jina la Yesu hujamkana, maana utamtaja ukizungumza. Akikataa yote mawili, akasema jina hilo lisisikike kabisa hata katika hotuba, mwambie kwa upole kwamba umealikwa kama mchungaji na huwezi kuja kama mtu mwingine. Pendekeza dakika ya ukimya badala ya sala, au aombe mwingine.

Jambo moja usilifanye: kukubali masharti yake kwenye simu, halafu ukamshtukiza kwenye kipaza sauti. Wako watakushangilia, na kipande cha video kitazunguka kwenye simu za watu. Lakini umesema uongo kwa jina la yule aliyesema ndiyo yenu iwe ndiyo (Mathayo 5:37).

Kwenye misiba mambo hubadilika, kwa kuwa msiba una wenyewe. Marehemu akiwa Mkristo, liturujia usiipunguze hata mstari kwa sababu ya majirani Waislamu waliokuja. Watangazie tu kwamba wanaweza kusimama kwa heshima bila kuitikia. Marehemu akiwa Mwislamu na ukapewa nafasi ya salamu, toa pole, sema mema uliyoyajua, ukae. Sala usiianzishe isipokuwa wenye msiba wamekuomba.

Kuhusu wazee wako: wasomee sala na hotuba kabla ya siku yenyewe, na waombe wawili wafuatane nawe. Wakae hadi wakati wa chai, kwa kuwa 1 Petro 3:15 inatutaka tuwe tayari kumjibu kila atuulizaye habari za tumaini letu, kwa upole na kwa hofu, na maswali ya namna hiyo huulizwa zaidi mezani kuliko ukumbini. Sheikh akiuliza kwa nini ulisema "Bwana wangu", mjibu hapohapo kwa kifupi. Mazungumzo yakiwa marefu, pangeni siku, umtembelee.