Kwa nini kanda zinazoinukia hazina bei rejea yake ya petroli na dizeli?

Uliuliza kwa nini serikali za kanda zisikae tu na kutangaza bei rejea yao, yaani bei ambayo wengine huitumia kupanga bei za mikataba yao, ziachane na ya vituo vikubwa vya biashara ya mafuta kama Rotterdam au Singapore. Kutangaza ni rahisi. Kazi ni kupata wa kuiamini. Bei rejea huzaliwa na biashara yenyewe: wauzaji wengi, wanunuzi wengi, shehena za ukubwa unaofanana, ubora mmoja, na watu walio tayari kutaja bei hadharani. Kama muuzaji mkubwa ni mmoja, hiyo ni orodha yake ya bei tu, hata ukiipa jina zuri.

Ubora ndio unaosumbua zaidi. Dizeli ya Ulaya ina salfa isiyozidi sehemu 10 kwa milioni, lakini masoko mengi yanayoinukia bado yanapokea yenye salfa nyingi zaidi, kila nchi na kiwango chake. Sasa utalinganisha shehena zipi? Bila kiwango kimoja hakuna bei moja.

Tazama Ghuba ya Uajemi. Inasafisha mafuta mengi mno, ila kwa miaka mingi bei zake zilikokotolewa kwa kuchukua ya Singapore na kutoa nauli ya meli. Fujairah, bandari ya Falme za Kiarabu, ilipopata matangi mengi ya kuhifadhi mafuta na wafanyabiashara, ndipo hoja ya bei ya pale pale ikapata uzito. Matangi kwanza, jamani. Na mashirika yanayokusanya bei, kama Platts na Argus, yana kanuni za mwaka 2012 za IOSCO (shirika la kimataifa la wasimamizi wa masoko ya dhamana) za kufuata, kwa hiyo hayachapishi namba kwa sababu waziri ameomba.